Mwenye Namba Kumi na Tisa

Marehemu Casimir Wojtowicz, ambaye jeneza lake liko mbele yetu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 hapa hapa Erie, Pennsylvania, upande wa mashariki, nyumba ya tatu kutoka kanisa hili. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Zygmunt Wojtowicz, mpakuaji wa makaa bandarini, na marehemu Helcia, aliyefua na kupiga pasi nguo za mapadri. Kaka yake alifariki akiwa mchanga, hivyo Casimir alilelewa peke yake, na kila kilichoingia nyumbani kilikuwa chake bila kugawana na mtu. Wasifu huu umeandikwa na shemeji yake, Lorraine Petrillo, dada wa mjane, na ndiye anayeusoma. Padri aliupitia jana, akakohoa, akaurudisha. Wanasema marehemu hasemwi vibaya, na hapa hatasemwa vibaya. Atasemwa alivyokuwa.

Alianza masomo mwaka 1953 katika shule ya parokia, chini ya masista. Akiwa darasa la nne, Sista Kunegunda alimkuta na kijitabu cha picha za mizuka alichokificha ndani ya katekisimu. Alimchapa viganja kwa rula mpaka rula ikapasuka, na mtoto hakutoa hata chozi. Kisha Sista akakikunja kile kijitabu katikati na kukitia mfukoni. Hapo Casimir aliangua kilio ambacho darasa la jirani walikisikia. Mama yake alipoitwa alidhani mwanawe ameumizwa mfupa.

"Kakikunja, mama," ndilo neno pekee alilolitoa. "Kakikunja katikati."

Bi Helcia alikuwa akisimulia kisa hiki kila Krismasi, na sisi tulicheka kila Krismasi, kwa kuwa tulikuwa hatujajua tunacheka nini. Marehemu alimaliza shule ya ufundi mwaka 1965.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kiwanda cha vichwa vya treni kama mchomeleaji, akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu Novemba 2009. Lazima tumpe haki yake. Alikuwa fundi wa kweli, hakuchelewa kazini, hakulewa, hakupigana, na mishono yake ya chuma mpaka leo inavuta mabehewa huko magharibi. Wenzake wa kiwandani wamekuja leo na tunawashukuru. Hawa ndio waliotuambia kwamba fundi mwenzao alikuwa akinawa mikono zamu ikiisha kama daktari anayeingia kupasua mtu, kisha anavaa glavu za pamba safari nzima ya kurudi nyumbani. Walidhani ana ugonjwa wa ngozi. Walimchangia fedha za dawa, naye akapokea.

Hakuwa na ugonjwa wa ngozi. Alikuwa anakwenda kushika vitabu.

Ninyi wakusanyaji mlioketi viti vya nyuma mnajua habari hii kuliko padri anavyojua misa, lakini wengine humu hawajui, basi waelezwe. Mnamo 1979 watu wawili kule Michigan walianza kuchapa hadithi za kutisha katika matoleo maalumu: nakala mia tatu tu, kila moja na namba yake, kila moja na sahihi ya mwandishi kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya kasha lake. Marehemu aliagiza kitabu chao cha kwanza, *Ghala la Meno* cha Warren Sedlock, akapata namba kumi na tisa. Na desturi ya hao watu ni hii: ukipata namba, ni yako katika kila kitabu watakachochapa baadaye, mradi usiruke hata kimoja. Ukiruka, namba inakwenda kwa anayesubiri nyuma yako. Ukifa, inapita kwa mrithi, na mrithi asipoitaka ndipo huyo wa nyuma anapoichukua. Casimir hakuruka. Kuna mwaka tuliokula kabichi tangu Kwaresima hadi Kwaresima, lakini hakuruka.

Na kusoma? Hasha. Vitabu vile havisomwi. Vinakuja vimefungwa kwa nailoni, na vingi hukaa ndani ya nailoni. Mtu akimuuliza hadithi inahusu nini, marehemu alikuwa akijibu kwamba inahusu nakala mia tatu.

Tarehe 12 Oktoba 1974 alifunga ndoa katika kanisa hili na Dolores Petrillo, binti wa fundi cherehani. Wangetimiza miaka hamsini Oktoba ijayo. Dolores alikuwa msichana wa kucheka, hilo halibishaniwi na mtu aliyemfahamu wakati ule, na alimpenda Casimir kwa sababu ya ule ukimya wake, akidhani una kitu ndani. Walijaliwa mtoto mmoja, Marcella, aliyezaliwa tarehe 29 Julai 1981.

Ile Julai tunaikumbuka wote tuliokuwepo. Joto lilikaa juu ya ziwa kama kifuniko cha sufuria. Katika nyumba yao kulikuwa na kiyoyozi kimoja tu, nacho kilikuwa katika chumba cha chini karibu na ngazi, chumba cha vitabu, kwa sababu joto huvunja gundi na unyevu huleta ukungu. Dolores alikuwa mjamzito wa mwezi wa tisa, miguu imejaa hata viatu vya mumewe havimwingii. Alimwomba mumewe amtandikie godoro kule ndani, usiku tu, mpaka mtoto azaliwe. Casimir wala hakumgombeza. Alimjibu kwa upole, jinsi mtu anavyomfahamisha mtoto.

"Pumzi ina unyevu, Dolly. Vitabu vitavimba."

"Na mimi je, sijavimba?" Dolores akamuuliza.

Akalala uani, juu ya kiti cha kukunja. Dada yake alikuwa akimpepea kwa sinia la kuokea. Dada huyo ndiye huyu anayesoma, na sinia analo hadi leo.

Sasa tufike kwenye theluji. Februari 1986, Warren Sedlock alikuja Cleveland kutia sahihi vitabu dukani. Birthday ya Casimir ilikuwa inakaribia, naye Dolores akapata wazo. Akakichukua *Ghala la Meno* namba kumi na tisa kutoka kwenye rafu, akakivika taulo safi, akapanda basi, akasimama kwenye foleni nje ya duka huku theluji ya ziwani inamjaa mabegani. Alipofika mezani alimwomba mwandishi amwandikie mumewe maneno ya kutoka moyoni, kwa jina. Mzee Sedlock, tunaambiwa, alimtazama yule mwanamke na kope zake zilizoganda, akamwagizia chai, kisha akaandika ukurasa wa mbele mistari kadhaa.

Wenye akili za kawaida watauliza kosa liko wapi. Waulizeni wa viti vya nyuma, tazameni wanavyofumba macho. Kwa watu hawa sahihi tupu ndiyo dhahabu. Kitabu kikishaandikwa "kwa fulani" ni cha huyo fulani tu, soko halikitaki tena, kimekuwa kama mswaki uliokwisha kutumika. Siku ya birthday Casimir alifungua ule ukurasa, akaliona jina lake, na hakusoma zaidi ya jina. Akakifunga.

"Umeharibu," akasema.

Dolores akamwambia basi asome kwanza kilichoandikwa. Casimir akarudia lile lile, kwamba ameharibu, na keki haikukatwa. Wiki ya Pasaka akakipeleka kwenye duka la vitabu vikuukuu na kukiuza kwa bei ya nyama ya kusaga.

Kwenye rafu ya namba kumi na tisa kikabaki kipengo, mahali pa kitabu cha kwanza. Marehemu hakuvisogeza vingine kukiziba. Alikiacha makusudi. Kila aliyeingizwa chumbani akiuliza, alikuwa akinyoosha kidole chenye glavu kuelekea jikoni, aliko mkewe, na kusema, "Muulizeni yeye." Alifanya hivyo mbele ya wageni, mbele ya mkwe, mbele ya Marcella akiwa na miaka saba. Haya ndiyo maisha aliyoishi Dolores, na tunayasema kanisani kwa kuwa yalitendeka nyumbani.

Mungu naye ana mambo yake. Mwaka 1993 Dolores alikuwa akipanga meza kwenye soko la mitumba la parokia, chini kwenye ukumbi huu huu, akakuta ndani ya boksi la vitabu vya mapishi kitu anachokijua. Akakinunua. Akakitia chini kabisa ya kapu lake la nyuzi, chini ya soksi za mumewe zinazosubiri kushonwa, akanyamaza. Alimwambia dada yake peke yake.

Miaka minane baadaye Sedlock alifariki, na ghafla soko likageuka. Kumbe mwandishi akishakufa, maneno aliyomwandikia mtu wa kawaida nayo huwa hazina. Na kitabu cha kwanza namba kumi na tisa kiko kimoja tu duniani. Casimir akaanza kukitafuta. Aliweka matangazo kwenye magazeti yao, aliandika kwa maduka ya Boston hadi Oregon, alitengenezesha kasha la ngozi lenye namba kumi na tisa kwa dhahabu, akaliweka kwenye kile kipengo, tupu, likisubiri. Jioni alikuwa akiketi mezani akilalamika kwamba kuna mshenzi mahali fulani amekikalia na hajui alichokikalia. Dolores alikuwa upande wa pili wa meza, kapu miguuni, anashona.

Dada yake alimsihi akitoe. Akamwambia, mpe mume wako kitabu chake, mpate amani uzeeni. Dolores akakata uzi kwa meno.

"Ameuliza Marekani nzima," akasema. "Mimi hajaniuliza. Siku akiniuliza mimi, nitampa."

Hakumuuliza. Katika miaka yote ile haikumjia kabisa kwamba mkewe anaweza kujua jambo.

Mwaka 2016 mapafu ya marehemu yalianza kudai moshi wote aliouvuta kiwandani. Tunamshukuru muuguzi aliyekuwa akija nyumbani, na majirani waliozoa theluji kwa koleo. Kuanzia mwaka juzi alikuwa akipumua kwa mashine, mpira puani, hawezi kupanda ngazi, kitanda chake kiko sebuleni. Wa viti vya nyuma nao walikuja kumwona, hatuwanyimi hilo. Bwana Desmond Farrow wa Cleveland, anayesubiri nyuma ya namba kumi na tisa tangu ana nywele, alikuja na keki ya tufaha. Pale mlangoni, kabla ya kuuliza mgonjwa anaendeleaje, alimuuliza Dolores kama chumba bado kina ubaridi uleule.

Julai hii joto likarudi. Daktari alisema wazi kwamba joto ndilo litakalomwua. Marcella alinunua kiyoyozi cha pili kwa ajili ya sebule, lakini nyaya za nyumba ile ni za enzi za babu, ukiwasha viwili fyuzi inakatika. Casimir akaamuru kizimwe cha sebuleni. Marcella akalia. Tarehe 17 Dolores alimwendea na kumwambia kwamba wanaweza kumsukuma na kitanda chake mpaka chumba cha vitabu, milango inatosha, kuna ubaridi mle kama Novemba.

Marehemu alitikisa kichwa. Alitamka maneno yake akipumzika katikati.

"Pumzi yangu… ina unyevu."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Dolores alimtazama, dada yake akiwa pale, shahidi wa hili. Angeweza kumsukuma. Mtu mwenyewe alikuwa mwepesi kama kapu la nguo kavu. Badala yake akavuta kiti, akachukua lile sinia la kuokea lililoletwa na dada yake, akaanza kumpepea. Hakumwomba mara ya pili.

Kesho yake, Alhamisi tarehe 18 Julai 2024, ilipokuwa dhahiri kwamba hafiki jioni, Dolores alikwenda kwenye kapu la nyuzi. Soksi akazitupa sakafuni. Akakitoa kitabu na kukiweka juu ya mapaja ya mumewe.

"Kilikuwa chini ya soksi zako, Cas," akamwambia. "Haya. Fungua usome."

Tulimwona uso ukijaa damu kama kijana. Jambo la kwanza alilofanya ni kuuchomoa mpira wa hewa puani, asije akakipumulia. Dolores akaurudisha. Casimir akakifungua kitabu ukurasa wa mwisho kabisa, wanakoandika namba, akaiona kumi na tisa, akaigusa. Akakifunga. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo mmoja, na mwingine, na wa tatu. Marcella amemshika mkono mwingine. Dolores ameinama juu yake, anasubiri tu kile kidole kifungue jalada la mbele, ukurasa wa kwanza, mistari michache.

"Kona imebonyea," marehemu akasema.

Hilo ndilo neno lake la mwisho hapa duniani. Alifariki alasiri ile, jalada la mbele likiwa halijafunguliwa, na kule ndani kiyoyozi kinanguruma.

Marehemu ameacha mjane, Dolores. Binti, Marcella, na mumewe Anselm, wa Buffalo. Na wajukuu wawili, Felicia na Bram, ambao hawajawahi kuruhusiwa kuingia chumba cha vitabu, na ambao tangu Ijumaa wanalala mle, na mbwa wao.

Mjane ameomba matangazo yafuatayo yaambatane na wasifu. Vitabu vya marehemu viko ukumbini, karibu na meza ya pierogi, yale maandazi yetu ya Kipolandi. Vimetolewa nailoni vyote. Kila mmoja aliyekuja kukaa na Dolores siku hizi, aliyeleta chakula, aliyezoa theluji, fundi aliyemchangia mumewe dawa ya ngozi, atakuta kimoja chenye jina lake ukurasa wa mbele, kwa kalamu ya wino na mwandiko wa Dolores mwenyewe. Amekesha akiandika. Tafadhali visomeni mkila, mafuta hayadhuru. Bwana Farrow hakusahauliwa, amewekewa lile kasha la ngozi la dhahabu, tupu. Na kuhusu namba, mjane alipiga simu Michigan Jumamosi. Kwa desturi yenu wenyewe namba kumi na tisa imepita kwa mrithi, na mrithi anaitaka. Atanunua kila kitabu na kukisomea kwenye beseni la kuoga. *Ghala la Meno* amekwisha kukisoma mara nyingi kuliko watu wote humu, naye anasema si kibaya.

Mtauliza sasa chenyewe kiko wapi. Tumewaona mkinong'onezana tangu wimbo wa kwanza. Kiko humu ndani ya jeneza, na kifuniko kimekwisha kugongwa misumari. Kimefunguliwa ukurasa wa mbele, kimelazwa kifuani, maandishi yakimwelekea machoni. Labda asingependa, uti wa kitabu utavunjika ukikaa wazi, na makaburi yetu yana maji, ziwa liko jirani. Lakini maiti haulizwi sanda.

Maandishi yenyewe Dolores anayajua kwa moyo, naye ameruhusu yasomwe mara hii moja, kwa kuwa aliyeandikiwa hakuwahi kuyasoma: "Kwa Casimir. Mke wako amesimama kwenye theluji tangu asubuhi ili nikuandikie hivi. Nimeandika vitisho maisha yangu yote, na kinachonitisha leo ni kwamba huenda hujui uliye naye. Mtazame. W. Sedlock."

Amefariki akiwa na miaka sabini na saba. Apumzike kwa amani, na asome. Sasa muda anao.